Mashine za Pinboli na za Michezo ya Video Zilizoagizwa Ng'ambo Zikiwa Zimetumika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mashine za sarafu, yaani za michezo ya video na za pinboli (mchezo wa kurusha mpira wa chuma kwenye ubao ulioinama chini ya kioo), zilizovuka bahari zikiwa kuukuu kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yameandikwa kwa ajili ya yule aliyerithi au kununua mashine ya aina hiyo, na kabla ya kuiwasha angependa kujua ilipitia wapi.

Kwa nini zilisafirishwa zikiwa zimetumika, badala ya kununuliwa mpya?

Mashine ya sarafu huingiza fedha nyingi ikiwa bado ngeni machoni pa wachezaji. Wakishaizoea mapato hushuka, na mwenye nayo huihamishia mahali penye wateja wachache zaidi, kisha kwingine tena, mpaka siku anapoirudisha kwa msambazaji ili ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine mpya. Hivyo maghala ya wasambazaji yalijaa mashine nzima ambazo hakuna mtu wa karibu aliyezitaka, ilhali ng'ambo walikuwapo wachezaji ambao hawakuwahi kuziona. Mchezo uliochosha huku ulikuwa bado mpya kule, na mwagizaji alilipa sehemu ndogo tu ya bei ya kiwandani.

Mfano mashuhuri ni wa Japani. David Rosen, Mmarekani aliyeanza biashara huko kwa vibanda vya kupigia picha, aliagiza kutoka Marekani mashine za michezo zilizotumika katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, akazipanga katika kumbi za Japani. Mwaka 1965 kampuni yake iliungana na Nihon Goraku Bussan, na muungano huo ukaitwa Sega Enterprises. Mwaka uliofuata Sega ilikuwa na mashine yake yenyewe, Periscope, ambayo baadaye ilisafirishwa hadi Marekani. Nchi iliyokuwa ikipokea mtumba ikawa muuzaji katika muda usiofika miaka kumi na mitano.

Zilitoka wapi hasa?

Kwa pinboli, jibu ni Chicago. Gottlieb, Bally, Williams na Chicago Coin zote zilikuwa na viwanda ndani ya mji huo au pembezoni mwake, na ni Gottlieb iliyotoa Humpty Dumpty mwaka 1947, mashine ya kwanza ya pinboli yenye flipa, vile vikono vya kuurudisha mpira juu, zinazoendeshwa kwa umeme. Zipo pia pinboli za Ulaya zinazostahili heshima kuliko zinavyopewa: Zaccaria ya Italia, Playmatic na Recel za Hispania. Mashine za michezo ya video zilitoka zaidi Japani, hasa baada ya Taito kutoa Space Invaders mwaka 1978, ingawa nyingi ziliundwa Marekani kwa leseni ya makampuni ya Kijapani.

Je, ni kweli kwamba mashine nyingine zilibadilishwa kiwandani ili zikubalike katika nchi fulani?

Ni kweli, na jambo hili huwachanganya wanunuzi wengi. Katika sehemu nyingi pinboli ilitazamwa kama kamari. New York iliipiga marufuku mwaka 1942 na haikuiruhusu tena hadi 1976. Penye sheria zilizokataza mchezaji kushinda mchezo wa bure, kwa hoja kwamba mchezo wa bure una thamani kama fedha, viwanda vilitoa toleo linalompa mchezaji mpira wa ziada ndani ya mchezo uleule. Gottlieb ilitengeneza matoleo ya namna hiyo kwa ajili ya Italia, mara nyingine yakiwa na jina na picha tofauti na za mashine mwenzake ya Marekani. Kwa hiyo mtu aliyenunua mashine iliyotoka Italia, kisha akaona haitoi michezo ya bure, asiharakishe kufungua relei (swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme) akidhani ni mbovu.

Mashine za bingo za Bally ni habari nyingine. Hizo hazina flipa. Mpira huanguka katika matundu yenye namba, na sarafu za ziada huongeza kiwango cha ushindi. Marekani ilipitisha mwaka 1951 sheria iliyozuia vifaa vya kamari kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine, na mwaka 1957 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Korpan, ilizihesabu mashine hizi kuwa vifaa vya kamari kwa sheria ya kodi. Soko la ng'ambo likazidi kuwa na maana kwao, Ubelgiji ikiwa mojawapo ya nchi zilizozipenda kwa muda mrefu.

Nitajuaje mashine yangu iliishi nchi gani?

Anza na mlango wa sarafu. Bamba la tundu la sarafu hubeba jina la sarafu iliyopokewa mara ya mwisho: marki, faranga, lira, yeni. Bamba la marki au faranga ya Ufaransa ambalo halikubadilishwa hukupa na tarehe, kwa kuwa sarafu za euro zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002. Mashine iliyobaki na tundu la marki huenda iliacha kazi ya hadharani kabla ya siku hiyo au muda mfupi baadaye.

Kisha tazama kadi za maelekezo zilizo chini ya kioo, karibu na mchezaji, uone zimeandikwa kwa lugha gani, na ugeuze kila kadi, kwani waendeshaji walizoea kuweka kadi mpya juu ya ile ya zamani bila kuitoa. Tazama kibandiko cha volti karibu na waya wa umeme, umbo la plagi, na kama plagi imekatwa, rangi za nyaya ndani ya waya huo. Katika mashine za Williams na Bally za miaka ya 1990, bodi kuu ya elektroniki ina jampa (viunganishi vidogo vya kuchomeka) au swichi ndogo zinazochagua nchi. Zikiwa zimewekwa kwa Ujerumani au Ufaransa, bei na hata maneno ya skrini yanaweza kutokea kwa lugha ya huko. Wapo waliopeleka bodi kwa fundi wakiamini programu imeharibika, kumbe kilichohitajika ni kurudisha jampa mahali pake.

Usiache kuangalia sakafu ya kabati. Niliwahi kufungua pinboli ya mwisho wa miaka ya 1970 ambayo muuzaji aliapa kuwa haikuwahi kutoka nje ya nchi ilikotengenezwa. Chini ya transfoma, ndani ya vumbi jeusi lililoganda kwa mafuta, palikuwa na lira mbili za aina tofauti, fyuzi ya kioo iliyoviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili ipitishe umeme, na tikiti ya ukarabati iliyoandikwa kwa Kiitaliano kwa kalamu ya risasi. Ile fyuzi ilinishughulisha kuliko sarafu, kwa sababu ilionyesha kwamba kuna saketi iliyokuwa ikikata fyuzi mara kwa mara na ambayo mtu aliamua kuinyamazisha badala ya kuitafuta. Tuliikuta siku hiyohiyo: koili ya kurusha mpira iliyokuwa imeungua hadi karatasi yake ikawa kahawia.

Naweza kuichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa kwetu?

Hapana, mpaka uwe umeona kwa macho yako transfoma imeunganishwaje. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Sehemu kubwa ya Ulaya, Afrika na Asia hutumia volti 220 hadi 240 na hezi 50. Japani hutumia volti 100, ikiwa na hezi 50 mashariki na hezi 60 magharibi. Mashine ya Japani ikichomekwa kwenye volti 230 bila transfoma ya kushusha huharibika papo hapo.

Habari njema ni kwamba pinboli nyingi zilizokusudiwa kuuzwa nje zina transfoma yenye ncha kadhaa upande wa kuingiza umeme, na kubadilisha volti ni suala la kuhamisha waya au plagi ndogo kwa kufuata mchoro ulio kwenye kitabu cha mashine au ndani ya kabati. Fuata mchoro wa mashine hiyo hasa, si wa inayofanana nayo. Baada ya kuhamisha, badilisha pia fyuzi kuu, kwa kuwa mashine inayotumia volti 230 huvuta takribani nusu ya mkondo wa ile ya volti 120, na fyuzi iliyoachwa ya zamani itakuwa kubwa mno kuweza kuilinda.

Hezi husahaulika, ilhali transfoma ya kushusha volti haizibadilishi hata kidogo. Katika pinboli za zamani za relei, zilizotengenezwa kabla ya bodi za elektroniki kuenea kuanzia mwaka 1977, ipo mota ndogo inayozungusha kamu (magurudumu yenye meno ya kusukuma swichi) na kuratibu uhesabuji wa pointi. Mwendo wa mota hiyo hufuata hezi za umeme. Iliyoundwa kwa hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 hupungua kasi kwa sehemu moja ya sita, nawe utaisikia: pointi hamsini zinahesabika kwa uvivu, kengele moja baada ya nyingine. Hilo peke yake si ubovu. La kuangaliwa ni joto, kwa kuwa transfoma iliyosanifiwa kwa hezi 60 hupata joto zaidi kwenye hezi 50. Iwashe kwa nusu saa, izime, ng'oa plagi, kisha isogelee uone kama inanuka vanishi. Michezo ya video haibadiliki kasi kwa sababu hiyo, maana saa yake inatokana na fuwele iliyo kwenye bodi yenyewe.

Ni kitu gani kilichoharibu mashine nyingi zaidi: bahari au wasafirishaji?

Kwa niliyoyaona, ni betri. Bodi za Bally za mwaka 1977 hadi katikati ya miaka ya 1980, pamoja na za Gottlieb za kipindi hicho, zilichomewa betri ya kuchajiwa ya nikeli na kadimiamu ili kuhifadhi kumbukumbu ya alama. Mashine ikikaa ghalani na kontenani kwa miezi au miaka, betri hiyo huvuja majimaji ya alikali. Ukiifungua unaona kwanza unga mweupe na kijani kuzunguka betri, halafu njia za shaba zilizogeuka nyeusi, halafu miguu ya chipu iliyo karibu ikikatika kwa kuguswa na kucha. Majimaji yakiwahi kuingia katika soketi za chipu, hakuna kusafisha kutakakotosha. Soketi lazima zing'olewe.

Williams walitumia betri tatu za kawaida za ukubwa wa kalamu katika kishikizi juu ya bodi, na matokeo yake ni yaleyale zikisahauliwa. Kwa hiyo jambo la kwanza kufanya mashine inapofika, kabla ya kuipangusa vumbi, ni kuikata au kuitoa betri. Bodi iliyoliwa kidogo huoshwa kwa siki nyeupe iliyozimuliwa ili kuua alikali, kisha maji safi, kisha pombe ya kusafishia, na kuachwa ikauke kabisa.

Lipo kundi moja ambalo kwalo ushauri huu hugeuka hatari. Bodi za Capcom za mfumo wa CPS-2, ulioanza mwaka 1993, na baadhi ya bodi za Sega za miaka ya 1980, hutumia betri kutunza funguo za kufumbua programu. Ukiitoa betri hiyo, au ikafa yenyewe, mchezo hauwaki tena. Ukiwa na bodi ya namna hiyo iliyo hai, usiiguse betri mpaka umpate fundi anayejua kazi hiyo. Zilizokwisha kufa nazo zisitupwe, kwa kuwa njia za kuzifufua zimepatikana.

Na skrini?

Skrini za chogo zilivumilia safari vizuri isipokuwa mahali pamoja: shingo ya bomba kwa nyuma, iliyo nyembamba kama ya chupa. Kabati likiangushwa kwa mgongo, shingo huvunjika, hewa huingia, na bomba limekwisha. Bomba zima nalo huweza kubaki na maelfu ya volti hata plagi ikiwa imeng'olewa; asiyejua namna ya kulitoa umeme huo asiingize mkono. Kumbuka pia kwamba skrini nyingi za mashine za michezo hazikuwa na kinga yake zenyewe na zilitegemea transfoma ya kutenganisha iliyo chini ya kabati. Wapo walioitoa transfoma hiyo walipobadilisha volti, wakaona skrini inawaka, wakaridhika. Fremu ya chuma ya skrini hiyo inaweza kuua.

Skrini iliyorekebishwa kwa ajili ya kaskazini mwa dunia inaweza kuonyesha madoa ya rangi inapofika kusini, kwa sababu ya usumaku wa dunia. Hilo hurekebishwa na fundi. Si dalili ya bomba kufa.

Zilipakiwaje?

Pinboli ya kawaida ina uzito wa kilo 110 hadi 130. Miguu ilifunguliwa na kufungwa pamoja, kichwa kikalazwa juu ya kabati, au katika mashine za zamani kikaondolewa kabisa kwa kufungua boliti na plagi za nyaya. Waliojua kazi waliisimamisha kwa upande wake wa nyuma, ambapo hukalia eneo la takribani sentimita 75 kwa 75. Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 na urefu wa mita 5.9, kwa hiyo zilikaa safu saba hivi za mashine tatutatu sakafuni, na nafasi ya juu ikajazwa miguu, vichwa na vioo.

Mipira ilipaswa kutolewa kabla. Mpira wa pinboli ni chuma kitupu cha gramu 80, na ukiachwa ndani kwa wiki kadhaa za mawimbi huvunja plastiki zote zilizo njiani. Kioo cha picha kilicho kichwani kilihitaji uangalifu kuliko kioo cha juu ya ubao wa mchezo, kwa kuwa rangi yake imechapwa kwa nyuma na hubambuka kwa joto na unyevu. Kioo tupu hununuliwa kingine, picha ile haipatikani kwa urahisi. Unyevu unaoganda darini mwa kontena na kudondoka ndio uliofanya mbao za kabati zivimbe kwenye kona.

Forodha ilizihesabu kuwa nini?

Tangu mfumo wa pamoja wa kuainisha bidhaa uanze kutumika mwaka 1988, michezo inayoendeshwa kwa sarafu imekuwa chini ya namba 9504.30. Nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya bei pamoja na bima na nauli. Marekani hukokotoa juu ya bei bila nauli ya baharini. Wapo waliojaribu kuziandika kuwa vitu vya kale ili kukwepa ushuru, lakini fungu la vitu vya kale linadai umri unaozidi miaka 100, na hakuna mashine ya flipa itakayoufikisha kabla ya mwaka 2047. Kuanzia mwaka 2002, kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 ilidai mbao ghafi za kufungashia zitibiwe kwa joto au dawa na kupigwa muhuri. Kabati lenyewe, likiwa la plaiwudi, halikuhusika, lakini paleti ya mbao isiyo na muhuri ilitosha kuzuia kontena zima bandarini.

Je, ilikuwa halali kuendesha kibiashara bodi ya mchezo iliyonunuliwa Japani?

Kesi inayofaa kujulikana ni ya Marekani. Kampuni moja ya kumbi za michezo, Red Baron, ilinunua Japani bodi zilizotumika za Double Dragon, zikiwa halisi na zimeuzwa kihalali huko, ikaziendesha Marekani. Taito ilishtaki, na mwaka 1989 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kumiliki bodi hakumpi mtu haki ya kuuonyesha mchezo hadharani kwa malipo. Bunge la nchi hiyo lilijibu mwaka 1990 kwa sheria iliyowaruhusu wenye nakala halali kuziendesha katika mashine za sarafu, lakini kifungu hicho kiliwekewa ukomo, nacho kikaisha tarehe 1 Oktoba 1995. Onyo la "kwa matumizi ya Japani tu" linaloonekana bodi inapowaka halikuwa pambo. Bodi za bandia ni jambo jingine kabisa: hizo zilikamatwa, na sioni sababu ya kuwatetea waliozileta.

Kiufundi kazi ilikuwa rahisi zaidi. Baada ya kiwango cha JAMMA kuenea kutoka Japani katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, bodi moja ya pini 56 iliweza kuingia katika kabati lolote lililofungwa nyaya kwa kiwango hicho, na waagizaji wengi wakaacha kusafirisha makabati.

Kwa nini baadhi ya pinboli zilirudishwa Marekani?

Mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa enzi ile, Williams, alifunga idara yake ya pinboli mwaka 1999. Wapenzi wa mchezo huo wakaanza kuzitaka majumbani, na mashine zilizokuwa zimelala Ulaya zikapata thamani upya katika nchi zilikotoka. The Addams Family ya mwaka 1992 ilitengenezwa kwa idadi ya 20,270, na nyingi kati yake zilikuwa zimeuzwa nje. Zile zilizorudi zilidharauliwa na wanunuzi kwa rangi iliyofifia na nyaya zilizounganishwa ovyo. Dharau hiyo ilistahiliwa na baadhi tu.

Nikiikarabati, niondoe alama za nchi ilikopita?

Volti, fyuzi na marekebisho hatari yaondoe yote bila huruma. Mlango wa sarafu na kadi ningeviacha. Ukitaka kuweka vya asili, funga vile ulivyotoa katika mfuko, andika namba ya mashine juu yake, na uuweke ndani ya kabati, pembeni mbali na transfoma, ili atakayeifungua baada yako avikute.